Nilimfukuza Mlezi kwa Kuwa Hana Fimbo

Kosa ni langu, na sitamsukumia mtu mwingine. Jina sitaji, lakini kijijini kwetu, upande wa Lusewa, wakisoma haya watanijua tu. Waache wanijue.

Tulikuwa na chekechea yetu, banda la miti na nyasi. Tulilijenga wenyewe akina mama ili tupate pa kuwaacha watoto tukienda shamba. Mlezi wao alikuwa Mama Fokasi, mjane ambaye hata darasa la saba hakumaliza. Kwake watoto walifinyanga udongo, wakaimba, wakasikiliza hadithi, wakanywa uji wa karanga, wakalala. Binti yangu Tekla, wa miaka minne, alikuwa ananiamsha mwenyewe asubuhi apelekwe.

Halafu nikaenda mjini Songea kumtembelea dada yangu anayeishi mtaa wa Ruhuwiko. Tangu shule za binafsi ziwe ruksa, watu walikuwa wanajifungulia shule zao za watoto. Nikawaona wa rika la Tekla wamevaa soksi nyeupe, wanahesabu kwa Kiingereza. Wivu ukanikaba.

Niliporudi nikasimama kwenye mkutano wa kijiji. "Huyu mama analea watoto au anachunga mbuzi? Mwaka mzima, Tekla hajui hata kuandika a!"

Watu wakacheka. Mama Fokasi akasema, "Bado wadogo."

"Hata fimbo huna," nikamkata.

Siku ileile akaondolewa, tukamleta bwana mmoja aliyewahi kufundisha. Mwezi wa kwanza Tekla akahesabu hadi ishirini, nami nikatamba kisimani. Mwezi wa pili akaanza kukojoa kitandani. Kisha akaanza kupata kigugumizi. Kisha akanyamaza kabisa. Mimi, mama yake, nikasema anadeka.

Siku moja nimetoka shamba mapema, nikapitia chekechea. Nikamkuta mwanangu amepigishwa magoti juani, gauni lake lililolowa mkojo limefungwa shingoni, wenzake wameamriwa wamzomee.

Mwalimu wala hakushtuka. "Mama, si mlitaka wanyooke?"

Fimbo niliidai mimi.

Nikambeba Tekla hadi kwa Mama Fokasi. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Nimekukosea."

"Marahaba. Mtoto mwache hapa, sina ugomvi naye. Wewe ndiye nina kinyongo nawe, na hakitaisha leo."

"Hata kisipoisha, mama."

Mkutano uliofuata nikasimama tena, nikasimulia nilichokiona. Mwenyekiti akaniuliza, "Si wewe uliyetaka Mama Fokasi atolewe?"

"Ni mimi. Na leo ni mimi ninayemtoa mwanangu kwa huyu bwana."

Mume wangu aliona aibu. Lakini akina mama wanne walinifuata. Sasa watoto wetu wako uani kwa Mama Fokasi, nasi tunapokezana kupika uji. Waliobaki kwa yule bwana wanatuita wapinga maendeleo. Watuite. Banda tutalirudisha, na fimbo haitaingia humo nikiwa hai.

Tekla ameanza kuongea, ila kigugumizi hakijaisha. Kila neno linapomkwama, moyo unanichoma, na nastahili.

Mzazi mwenzangu, kabla hujajisifu kwamba mwanao anajua kuhesabu, muulize kwanza ni nani anayemwogopa.