Vyuma vya Baba Chini ya Kitanda

Enzi zetu (najua nina miaka kumi na saba tu, mtacheka mkimaliza kusoma), watoto wa mtaa wa Kongo hapa Kawangware tulikuwa na kitu ambacho hata watoto wa Lavington, kwa matajiri, hawakuwa nacho: nyumba yenye magurudumu. Ilisimama nyuma ya karakana ya baba yangu na Baba Akinyi, mafundi wawili wa kuchomelea vyuma. Mwenyewe, mteja wao wa zamani, alikuwa akiikokota kwa gari kwenda kupiga kambi Naivasha, na alipohama nchi akawaachia. Ilikuwa na kitanda cha kukunja, kabati lenye harufu ya panya, na dirisha la plastiki lililoifanya dunia yote ionekane ya manjano. Katika michezo yetu, Akinyi alikuwa mama mwenye nyumba. Mimi nilikuwa mgeni, kwa sababu mgeni haongei sana, nami nilikuwa na haya tangu kuzaliwa.

Kwao tulikula omena, dagaa wa ziwani, kwetu muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Aliyekuta sufuria ya kwao haijaiva alivuka tu ua. Mvua ikinyesha, bati la nyumba yetu ya magurudumu lilipiga kelele mpaka tukalazimika kuzungumza kwa ishara, na hapo ndipo mimi nilipoongea sana.

Watu wa Karen na Lavington walileta trela zao kwa wazee wetu kwa sababu ya kazi moja: kuzizuia kuyumba barabarani. Na juu ya kazi hiyo wazee wetu hawakuwahi kukubaliana. Baba alitengeneza vyuma viwili virefu vinavyopinda kidogo kama upinde. Ukivikaza kwa mnyororo, vinainua pua ya trela na kusukuma uzito mbele, mpaka magurudumu ya mbele ya gari yakanyage barabara sawasawa. Baba Akinyi yeye alitengeneza breki ya mkia: chuma kimoja cha kando kati ya gari na trela, kinachosuguana kwa nguvu ili trela isitupe mkia huku na huku.

"Mzigo ukikaa vizuri, mkia utatulia wenyewe," Baba alisema.

"Wee Mkamba, ngoja lori likupite na upepo wake," Baba Akinyi alijibu. "Utaona mkia ukicheza ngoma hata harusini haijachezwa."

Walibishana hivyo tangu chai ya saa nne mpaka jua lizame, kisha wakafunga vyuma vya wote wawili kwenye gari la mteja. Kila mmoja alimnong'oneza mteja pembeni kwamba cha mwenzake ni cha urembo tu.

Sisi nasi tulikuwa na maabara yetu. Gari la waya, trela ya mkebe wa mafuta ya kupikia, mzigo wa mawe. Ukijaza mawe nyuma, mkebe unayumba kama mlevi. Ukiyajaza mbele, pua inalala na magurudumu ya mbele ya gari yananing'inia hewani. "Dereva anashika usukani wa bure," Akinyi alisema, tukacheka mpaka tukashikwa na kwikwi. Ndugu yangu mdogo wa siku hizi anajua kila mchezo ulio ndani ya simu ya Mama, lakini mpe waya asokote gurudumu, atakuuliza chaja iko wapi.

Jioni nyingine Baba alirudi macho yakiwaka kwa moto wa kuchomelea, na Mama akamwekea vipande vya waru mbichi, yaani viazi, juu ya kope. Baba Akinyi alikuja kumtazama, akacheka, "Leo mnapika chipsi usoni?" Mimi aliniita nyathina, yaani mtoto wangu, wala sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni neno la kabila fulani.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baada ya matokeo, vijana tuliocheza nao kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wakasimama kwenye kona na rungu, na asubuhi moja ya Januari wakapita wakisema watu wa kutoka ziwani, yaani kina Akinyi, wawe wameondoka Kongo kabla ya saa sita. Sisi ni wa Machakos. Hakuna aliyetuambia tuhame. Tulitakiwa kunyamaza tu, na tulinyamaza vizuri sana.

Baba Akinyi alipakia vyombo vyake vyote ndani ya nyumba ya magurudumu, akaifunga kwenye pikapu ya karakana. Alikuwa akienda Olympic, kule Kibera, kwa dada yake. Breki ya mkia alikuwa nayo. Vyuma vya Baba vilikuwa kwetu chini ya kitanda, maana tangu vurugu zianze vyuma vilikuwa vikiibwa karakana. Akaja mlangoni. Vijana wa kona walikuwa wanatazama.

Baba aliketi nyuma ya pazia. Akaniambia kwa midomo tu, bila sauti: sema sipo.

"Niaje, nyathina. Baba yuko? Nataka vile vyuma vyake. Pua imelala sana."

"Hayuko," nikasema.

Akatazama chini. Viatu vya Baba vya kazi vilikuwa pale mlangoni, kamba zimefunguliwa.

"Sawa. Akirudi mwambie leo nimekubali chake si cha urembo."

Akinyi alikuwa kwenye pikapu, mbele. Alinipungia mkono. Nilitazama magurudumu ya mbele, yalikuwa yamegusa ardhi kidogo tu, na nikajua. Mkebe na mawe vilikuwa vimenifundisha. Nikampungia na mimi.

Kwenye kona ya kuteremka Olympic usukani ulikataa. Pikapu ikaenda moja kwa moja mtaroni na nyumba yetu ikailalia. Akinyi alitoka na mikwaruzo. Baba yake alikatika mkono wa kulia, ule wa kushikia moto. Walipelekwa kwao, mbali huko, na sijamwona Akinyi tena.

Enzi zetu ua ulikuwa na kelele za watu wawili wanaobishana. Sasa kuna amani, tunaambiwa, na ua uko kimya. Wiki jana mteja alimuuliza Baba ni kipi bora, vyuma vya uzito au breki ya mkia. Zamani angejibu mpaka chai ipoe. Alisema, "Vyote viwili," akavaa kinyago chake cha kuchomelea kabla ya kuwasha moto.

Vile vyuma bado viko chini ya kitanda ninacholalia. Hakuna anayevitaja. Nami katika daftari hili nimejaza kurasa ili nifike kwenye maneno matatu ambayo pale mlangoni yalinishinda: Baba yuko ndani.