Muuguzi Niliyempanga Zamu Mbili

Wiki iliyopita tulimzika muuguzi mmoja hapa Eldoret, na wasomaji wangu mniwie radhi, leo sina mzaha. Mazishini nilisifiwa. Msemaji aliwakumbusha watu kwamba baada ya ule uchaguzi wa 2007, mji ukiwaka moto, kliniki yetu ndogo haikufunga mlango hata siku moja, na kwamba mimi, karani wa wakati huo, ndiye niliyepanga kazi. Nikainamisha kichwa kwa aibu, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Nilikuwa nikipanga zamu za wauguzi na kuandikisha wagonjwa. Penye nafasi kumi niliandika watu kumi na sita, kwa kuwa niliwajua wakulima wa vijiji vya Soy na Kapseret: ng'ombe akizaa au mahindi yakitaka palizi, mtu husahau presha yake, haji kliniki. Mara nyingi nilipatia, nikavimba kichwa. Vurugu zilipoanza, wauguzi wengi walikimbia. Marehemu alibaki, nyumba yake ikiwa imechomwa, akawa analala stoo yetu juu ya katoni. Badala ya kumhurumia, niliona bahati: asiye na kwake hachelewi kazini. Nikampanga zamu mbili kila siku.

Siku moja alinijia. "Bosi, naomba off ya asubuhi moja tu. Nimeskia mama ako kwa kambi ya wakimbizi pale showground."

"Kesho nimebook watu ishirini," nikamjibu. "Barabara zimefungwa, watakuja wachache, lakini siwezi baki bila nurse. Enda keshokutwa."

"Sawa, bosi."

Kesho yake barabara zikafunguliwa. Wote ishirini wakaja, naye akawahudumia hadi jioni bila kuketi. Barabara hizo hizo zilipitisha malori yaliyohamisha watu wa kambini siku hiyo hiyo, kupitia Timboroa hadi mikoa ya mbali. Alipofika kambini asubuhi iliyofuata, mama yake alikuwa ameshapelekwa. Mama huyo alifariki ugenini kabla hawajaonana. Binti akaomba ruhusa ya kwenda kuzika, nami nikampa siku mbili.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baadaye, akinimiminia chai na kuniita bosi, na sikumwomba msamaha. Siku hizi nasikia wakubwa wa kazi wakijisifu kwamba kompyuta huwapangia zamu bila dakika kupotea. Hata daftari langu halikupoteza dakika. Kazini kwako kukiwa na mtu asiyekataa zamu, usikimbilie kumsifu. Muulize kwanza kwa nini hana pa kwenda.