Mwezi wa Kwenda Chalbi

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu mwezi wa sita, dada yangu aliingia karakanani kwangu akitoka kwa daktari wa macho, akaketi kwenye kigoda na buibui lake, akaniambia nimpeleke Chalbi. Saa naikumbuka kwa sababu risiti zangu huzianza kwa saa, na nilikuwa nimekwisha kuiandika kwenye risiti ya mwenye duka mmoja wa Marikiti. Risiti ile sikuimaliza. Ninayo hadi leo, ina saa peke yake.

Mimi ni fundi wa mizani. Chumba changu kiko Mji wa Kale, chini ya nyumba ya ghorofa mbili, upana wake hatua nne na urefu wake hatua sita. Kazi sikufundishwa na mtu. Nilinunua vitabu vikuukuu barabarani, nikafungua mizani mbovu na kuzifunga tena mpaka zikasema kweli. Shule niliiacha mapema, baba alipofariki. Aliyeendelea ni dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka saba, na miaka thelathini na moja alifundisha jiografia katika shule ya msingi upande wa Buxton. Ana wajukuu, mume wake ni marehemu, na anakaa vichochoro viwili kutoka kwangu.

Nilimbusu mkono, nikamuuliza daktari amesemaje.

"Asema presha ya macho imenila pembeni. La kushoto limekwenda. La kulia laona katikati tu, kama mtu achunguliaye kwa bomba la maji. Dawa ni ya kuchelewesha, si ya kuponya."

"Kuchelewesha mpaka lini?"

"Hakunipa tarehe, bwana. Wadhani macho yangu ni treni?"

Akacheka, mimi sikucheka. Ndipo akaitaja Chalbi. Kila mwaka alikuwa akichora ramani ya Kenya ubaoni, na akifika kaskazini aliilaza chaki ubavu na kupaka weupe mpana. Aliwaambia watoto kwamba pale ni jangwa la chumvi, ardhi ni nyeupe, hakuna mti, na mbingu yaanzia miguuni mwa mtu.

"Nimewaambia watoto zaidi ya elfu moja," alisema. "Na mimi nilisoma kitabuni tu. Sasa nataka nikatazame kama niliwadanganya, kabla hili moja halijafungwa."

Nilimwahidi. Jioni ile ile nilinunua daftari la kurasa tisini na sita.

Sikutaka kwenda ovyo. Mtu wa jicho moja, tena jicho lililobaki na tundu, hapelekwi mwisho wa nchi kwa kubahatisha. Kutoka Mombasa mpaka kule ni treni hadi Nairobi, basi hadi Marsabit, kisha gari la kukodi linaloweza mchanga. Ni safari ya mara moja, kwake na kwa mfuko wangu, na nilitaka afike siku ambayo Chalbi ni Chalbi. Kwa hiyo nikatafuta mwezi.

Kule Makupa kuna mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka Marsabit, ambaye mizani yake mimi huiangalia kila baada ya miezi mitatu. Alinipa nambari ya binamu yake mwenye gari. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama kando ya malori yaliyopanga foleni, kidole kimoja kikiziba sikio.

"Chalbi? Njooni wiki hii, mzee," alisema yule dereva. "Kumekauka, gari linapita kama kwa lami."

"Na upepo?"

"Upepo uko. Huku ndiko nyumbani kwake."

"Wa kasi gani?"

"Mzee, kofia yako ikiruka, unaisamehe."

Nikamuuliza mwezi ambao upepo hutulia.

"Januari unapungua. Lakini wageni huwa hawaniulizi hivi, mzee. Huwa wanakuja."

Niliandika yote. Upepo maana yake vumbi la chumvi, na vumbi la chumvi ndani ya jicho la namna ile nililiogopa. Nikakata mstari juu ya mwezi wa saba. Mwezi wa nane shule hufungwa, tikiti za treni huwa shida, na wajukuu wake huletwa kwake wakae. Mwezi uliofuata ulikuwa na Maulidi, na mtaani kwetu sinia za wanawake haziendi popote bila yeye kusimamia. Halafu zinaingia mvua za vuli, miezi mitatu. Wenyeji humwambia mtu kwamba Chalbi ikinyeshewa hugeuka ziwa, na gari linazama mpaka milangoni. Mwezi wa pili ungeingia Ramadhani, na nyuma yake mfungo mosi, mwezi ambao dada yangu hufunga zile siku sita za sunna na hataki kusikia habari ya safari. Kisha masika. Kila nilipohesabu, lilibaki dirisha moja: Januari, katikati ya vuli na Ramadhani, upepo umepungua na chumvi imekauka.

Nilimwonyesha lile jedwali mwezi wa saba. Alilisogeza karibu na pua, akalipitisha polepole mbele ya jicho lake kama anayetafuta uzi.

"Januari ni mbali," alisema.

"Ni miezi sita."

"Mimi najua kuhesabu. Nasema ni mbali."

Nikamweleza jambo ninalowaeleza wateja kila siku. Mizani haisomwi sindano ikiwa yacheza. Mwenye haraka huona kilo tatu, akalipa kilo tatu, na kumbe ni mbili na nusu. Fundi hungoja itulie.

Alinitazama kwa muda mrefu, uso ameuelekeza upande kidogo ili anipate ndani ya lile bomba lake.

"Haya," akasema. "Wewe ndiwe mwenye mizani."

Wiki hiyo nilimtumia dereva shilingi elfu thelathini kwa simu, rubuni ya kushikia gari la siku nne za Januari. Kutuma kwenyewe kulinigharimu shilingi mia moja na tano.

Hapo ndipo tulipoanza desturi moja. Ukutani kwangu imetundikwa mizani kubwa yenye uso wa duara kama saa ya ukutani, na kwenye mnyororo wake huning'inia jiwe la chuma la kilo nne na robo, la kuijaribia mizani yenyewe. Kila alipokuja, aliketi kwenye kigoda kile kile, hatua tatu kutoka ukutani, na mimi nikamuuliza inasoma ngapi. Akageuza shingo, akatafuta, akasema, "Nne na robo." Nami nikaandika daftarini: tarehe, umbali, amesoma. Mwezi wa nane alisoma. Wa tisa alisoma. Wa kumi na wa kumi na moja vilevile, tena upesi kuliko mwanzo, na mimi nikaandika kwamba dawa inafanya kazi.

Miezi hiyo nilichoka kuliko kawaida. Nilikuwa nikibeba mawe ya mizani kutoka Mji wa Kale hadi Makupa na kurudi, kwa sababu wateja wa huko hawataki kuteremsha mizani zao, na goti la kulia lilianza kulia kila ngazi. Baada ya Alasiri niliketi na daftari. Nilikuwa na kurasa za mvua, kurasa za upepo, kurasa za mwezi mwandamo ili tusifike usiku wa giza, na ukurasa wa saa za dawa yake ya matone, namna ya kuiweka baridi njiani. Mke wangu aliniambia mara moja tu, akipitisha chai, kwamba nabii Musa mwenyewe alivuka jangwa kwa maandishi machache kuliko yale.

Januari ilifika. Tarehe nne, siku sita kabla ya kupanda treni, dereva alipiga simu.

"Mzee, usije na viatu, njoo na ngalawa."

"Kumenyesha?"

"Hapa Chalbi hakujanyesha hata tone. Kumenyesha milimani, Desemba yote. Maji yametelemka. Ukisimama ukingoni unaona mbuzi wanakunywa mahali nilipopanga kukuegeshea gari."

Katika kurasa zangu zote za mvua nilikuwa nimepima mvua ya jangwani. Ya milimani sikuiuliza, wala sikujua kwamba inahusika. Nikamwuliza yatakauka lini. Akasema huenda wiki tatu, huenda miezi miwili, maji hayana mkataba.

Dada alikuja siku iliyofuata, akaketi kwenye kigoda. Nilikuwa nimekwisha kuchora jedwali jipya. Nikamwambia habari ya maji, na kwamba Ramadhani iko karibu, kisha mfungo mosi, kisha masika, kwa hiyo mwezi wa sita ungekuwa bora, hata na upepo wake, ama mwisho wa mwezi wa tano ikiwa masika yatawahi kwisha. Alisikiliza mikono yake imepumzika magotini. Nilipomaliza, kwa mazoea tu, nikamuuliza mizani inasoma ngapi.

Akageuza shingo. "Nne na robo."

Nikainua macho. Asubuhi ile mteja alikuwa ameniletea kifurushi cha misumari, akitaka kujua kama muuzaji amempunja. Lile jiwe nilikuwa nimelitoa, na kwenye mnyororo kilining'inia kifurushi. Sindano ilikuwa juu ya saba, imetulia kabisa.

Nilisimama, nikakitoa kifurushi, sindano ikarudi kwenye sifuri.

"Na sasa?"

"Umeliondoa," akasema. "Nimesikia mnyororo."

"Tangu lini, dada?"

"Novemba. Naona mwanga wa mlango. Nakuona wewe ukipita mbele ya mlango, kivuli."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungefungua ukurasa mwingine."

Niliketi juu ya sanduku la mawe. Nje mtu alikuwa akiuza mahamri, akipiga kelele bei yake. Dada yangu akanyoosha mkono hewani, akaupata ukingo wa meza, akafuata ukingo mpaka akalifikia daftari.

"Hili ndilo?"

"Ndilo."

"Zito. Basi nisomee. Hapo Chalbi pakoje?"

Nilifungua mwanzo. Mvua. Nikapindua. Upepo, nauli, tarehe za mwandamo, matone. Nilipindua kurasa sabini na tatu zilizoandikwa, kwa wino wa buluu na mistari ya rula, na hapakuwa na hata mstari mmoja unaosema pale mahali pakoje. Nilikuwa na majibu yote ya lini.

"Sikuandika," nikamwambia.

"Hukuandika hata rangi?"

"Hata rangi."

Akacheka kicheko kile kile cha Juni, ila kifupi. Kisha akaniuliza kama nina chaki. Ninayo ya kuwekea alama mizani ninazozifungua. Nikampa. Akapapasa ubao ninaoegemeza ukutani, ule wa kuandikia majina ya wateja, akaufuta kwa kiganja bila kuniuliza, na majina yote yakaenda. Akaanza na pwani, kona ya chini, akapanda kwa mkono usiosita, akazunguka magharibi, akarudi kwa juu. Mpaka wa Tanzania ulipinda mahali usipopinda, na ziwa lilikaa nje ya nchi. Alipofika kaskazini aliilaza chaki ubavu, akapaka.

"Ni hapa?" akaniuliza.

Ilikuwa nje ya ramani kwa kiasi cha vidole viwili.

"Ndipo hapo," nikasema.

Akapuliza vumbi la chaki vidoleni mwake. Nikamwambia bado twaweza kwenda, maji yakikauka, akasimame pale asikie.

"Nikasikie nini? Upepo na chumvi ninavyo dirishani kwangu." Akasimama, akatengeneza mtandio. "Nilitaka kutazama, ndugu yangu. Nipeleke nyumbani, kichochoro cha pili wameweka mchanga wa ujenzi."

Nilimshika mkono, tukaenda. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mkono njiani tangu yeye aliponipeleka shule.

Tikiti za treni sikuwa nimezilipia bado. Nilikuwa nimengoja wiki ya mwisho ili niwe na hakika. Nilimpigia dereva kuahirisha, na alipouliza mpaka lini nikamwambia hakuna tena lini. Alinipa pole kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Kisha akasema, kwa haya, kwamba zile elfu thelathini alikuwa amezinunulia tairi mbili mwezi wa tisa, kwa ajili ya safari yetu. Sikumlaumu. Mwisho wa mwezi alinirudishia elfu nane bila kuombwa.

Ramani iko ubaoni mpaka sasa, na majina ya wateja nayaandika kwenye karatasi. Daftari nililihitimisha kama ninavyohitimisha kila kazi, kwa mstari wa hesabu chini ya ukurasa wa sabini na tatu: rubuni elfu thelathini, gharama ya kutuma mia moja na tano, zilizorudi elfu nane. Hasara, shilingi ishirini na mbili elfu mia moja na tano.