Mashoto wa Bi Enid

Gillian Trask hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Alipika katika shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoka jikoni na hata kiazi kimoja mfukoni. Mumewe, Des, humtania kwamba siku akifa ataomba ruhusa kwanza. Ndiyo maana nikisimulia alichokifanya Januari ile, watu wetu wa hapa Bath, Uingereza, hudhani namsingizia.

Sisi ni watu wa magauni. Tuko kama thelathini, wengi wetu wanawake waliokwisha kustaafu, pamoja na wanaume wachache walioburutwa na wake zao. Tunashona nguo za miaka mia mbili iliyopita, zile zenye kiuno kinachoishia chini ya kifua, tunazivaa na kofia za kufunga kidevuni, na kila Septemba tunatembea mjini wawili wawili tukiinamiana na kusalimiana kama watu wa enzi zile. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa, kila mtu na sindano yake. Watu hutucheka. Mtu kavaa suruali iliyochanwa magoti kwa makusudi, tena kainunua hivyo hivyo, halafu ananicheka mimi!

Katika sisi wote, mwenye mkono ni Gillian. Anashonea mkono wa kushoto, na mishono yake ni midogo mpaka unatamani kumuuliza anaionaje. Mimi Thelma, jirani yake wa mlango wa pili, nashona ili mradi nguo isinidondoke mbele za watu. Mwanzilishi wetu ni Bi Enid Chivers, mwenye umri wa miaka themanini na minane, macho yamefifia ila ulimi bado wembe. Yeye ndiye aliyetufundisha sheria kuu ya chama: nguo halisi ya kale haivaliwi. Unaipima, unainakili kwenye karatasi, unashona yako. Haifuliwi, haipigwi pasi, na haigusi mwili wa mtu aliye hai, hata kwa dakika moja.

Mwaka jana, kabla ya Krismasi, binamu yake Bi Enid alifariki huko mji wa Frome, akamwachia gauni lililokuwa limekunjwa ndani ya foronya. Lilikuwa la melimeli nyeupe, jepesi kama pumzi, na lilikuwa la Honor, bibi wa bibi yao. Huyo Honor hakuna aliyejua habari zake. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye Biblia ya familia, basi. Bi Enid hata hakulitazama vizuri gauni lile. Macho yake na mwanga wa Januari havielewani. Akampa Gillian alinakili ili wanachama wote tupate kukata magauni yetu.

Gillian alikaa nalo siku tisa. Alipima kila kipande akamaliza. Siku ya mwisho, Des akiwa amepeleka gari kukaguliwa, aliliinua dirishani ili alikunje vizuri, akaona mabega ni kama yake, kifua ni kama chake. Miaka ishirini alikuwa ameshona nakala. Akataka, mara moja tu, kuvaa lenyewe.

Akavua sweta, akalivaa. Likamkaa. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, akafurahi sana. Hilo, aliniambia baadaye, ndilo linalomuuma kuliko yote, kwamba alifurahi. Kisha akainua mkono kurudisha nywele nyuma, akasikia kitu kimeachia chini ya kwapa, sauti ndogo tu, kama mtu anayechana karatasi ya peremende.

Tundu lilikuwa na urefu wa kidole cha shahada. Mtu mwingine angelia kwanza. Gillian alikaa kitako akalishona. Ndani ya pindo kulikuwa na kitambaa cha ziada kilichokunjwa, akachomoa humo nyuzi za zamani moja moja, akazitumia hizo hizo, ili rangi isije ikamsaliti. Alifanya kazi mpaka jua likazama. Kesho yake alimrudishia Bi Enid gauni na karatasi, akapewa kipande cha keki, akala.

Ilikuwa Alhamisi ya Aprili, ukumbini, nami nilikuwa natafuta sukari, niliposikia Bi Enid akipiga kelele.

"Gillian! Njoo mwanangu, njoo uone! Na nyie wengine njooni, acheni chai, chai haina miguu!"

Alikuwa ametandaza gauni mezani, chini ya taa, ameshika kile kioo chake cha kukuzia maandishi. Kidole chake kilikuwa chini ya kwapa.

"Palichanika hapa, Honor akapashona mwenyewe. Nimepapasa mara mia. Haya, wewe Thelma mwenye macho, mishono imelala upande gani?"

Nikachukua kioo. "Imelala huku, Bi Enid. Kulia."

"Na yako wewe inalala wapi?"

"Yangu inalala popote inapochoka."

Watu wakacheka. "Ya watu wenye akili inalala kushoto," akasema Bi Enid. "Hii imelala kulia kwa sababu aliyeshona ni mashoto. Mnaelewa? Honor alikuwa mashoto!"

Kisha yule bibi, ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwenye mazishi ya mumewe, akaanza kulia. Akatueleza kwamba alipokuwa na miaka sita mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwenye kiti kwa utepe, kila siku, mpaka akaandika kwa mkono wa kulia. Aliporudi nyumbani kushtaki, baba yake alimwambia katika ukoo wao hajawahi kutokea mashoto, hivyo hajui yeye katokea wapi.

"Miaka themanini na miwili najiuliza nimetokea wapi," alisema. "Kumbe nilikuwa na mtu wangu. Nimetoka kwa Honor." Akamshika Gillian mkono. "Kama wewe, mwanangu. Sasa tuko watatu."

Wote walikuwa wanapangusa machozi. Mimi nilimtazama Gillian, nikaona shingo yake imekuwa nyekundu mpaka masikioni, nikajua. Nani mwingine alikaa na gauni lile siku tisa? Nani anashona vile? Lakini kwa wenzangu kumshuku Gillian ni kama kumshuku padri, na mimi nikanyamaza. Nikaenda kutafuta sukari yangu.

Siku ile ile Bi Enid alihamishia sindano mkono wa kushoto. Wiki iliyofuata akakata gauni jipya, la Septemba, akaapa atalishona lote kwa mkono huo. Mei, Juni, Julai, alikuwa amekaa karibu na dirisha la ukumbi akijichoma vidole na kuwacheka wanaompa pole. Mishono ilipinda kama njia ya mlevi. "Imepinda, ila ni yangu," alisema. Na alianza kumtaja Honor kama mtu aliye hai. "Honor asingependa rangi hii," husema. "Honor hakuwa na subira kama mimi." Nilikuwa sijawahi kumwona ana furaha namna ile. Kila akimtaja Honor, Gillian huinuka kwenda kuosha vikombe, hata visafi.

Agosti nilikuwa nyuma ya nyumba nachuma maharage, Gillian akaja akasimama kwenye uzio.

"Thelma, una nafasi?"

"Nina maharage. Sema."

Akasema yote. Nami nikajifanya nashangaa, Mungu anisamehe. Akasema kilichomleta ni kwamba Bi Enid amekubaliana na jumba la makumbusho: Septemba, baada ya matembezi yetu, atawakabidhi gauni, na ameshaandika kadi ya kuwekwa kando yake. *Limeshonwa upya chini ya kwapa na Honor, aliyekuwa mashoto.*

"Uongo wangu utawekwa kwenye kabati la kioo," alisema Gillian. "Watoto wa shule watapita kuusoma. Sili, shoga yangu. Silali. Des ananiuliza kama nina mwanaume."

"Na unaye?"

"Usinichekeshe, nitatapika."

"Basi kamwambie."

"Na nikimwambia, Honor wake je?"

Alisema hivyo hivyo, na hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Swali lilikuwa zuri kuliko jibu lolote nililokuwa nalo. Lakini mimi ni mtu wa majibu. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi, wale wa makumbusho wana vioo vikubwa kuliko cha Bi Enid, wataona uzi ulivyochomolewa kwenye pindo, na bibi wa watu ataaibika mbele ya wageni. Heri asikie ukweli kwako. Nikamwambia Bi Enid ni mtu mzima, ukweli haujawahi kumuua. Nikamwambia nitakusindikiza. Sasa niseme yaliyo moyoni: nilitaka kuwepo. Nilitaka kuona jinsi yatakavyokuwa, kama mtu anayekimbilia ajali.

Tulikwenda Jumapili, saa tisa. Bi Enid alitufungulia akiwa na sindano mdomoni. Lile gauni la Septemba lilikuwa juu ya kiti, limebaki pindo na mkono mmoja. Akatumiminia chai.

Gillian hakugusa kikombe. "Bi Enid, ule mshono wa kwapani si wa Honor. Ni wangu."

"Wako vipi?"

"Nililivaa. Likachanika. Nikalishona nisiseme."

Bi Enid akatoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye mkono wa kiti. "Lini?"

"Januari."

"Likakukaa?"

"Likanikaa. Mpaka nilipoinua mkono."

"Ndiyo," alisema Bi Enid, "mikono yake ilikuwa imebana." Saa ya ukutani ilikuwa inapiga na mimi nilikuwa natafuna biskuti. Niliona aibu ya kutafuna lakini ilikuwa imeshaingia mdomoni.

"Nisamehe," Gillian akasema. "Nakuomba. Nipige, nifukuze chamani, chochote."

"Nikufukuze, nani atatukatia mikono ya magauni? Thelma?" Akajaribu kucheka. "Nimekusamehe, mwanangu. Nguo ni nguo. Umeishona vizuri, hata mimi umenidanganya."

Gillian akaanza kulia kwa nafuu, machozi yanaanguka kwenye kisahani. Hapo ilitupasa kuondoka. Lakini mimi, kwa kuwa machozi yale yalinichoma, nikasema, "Bora ukweli, Bi Enid, au siyo?"

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Thelma, mimi nina miaka themanini na minane. Ukweli ninao wa kunitosha. Miezi minne nilikuwa na mtu." Akatazama mikono yake mapajani. "Na ulijua tangu Aprili. Wewe ndiye uliyeshika kioo. Mlishindwa kunyamaza mpaka nife? Si mbali."

Akasimama akatukunjia biskuti zilizobaki kwenye karatasi, akampa Gillian ampelekee Des, akatusindikiza mpaka mlangoni akiuliza habari za maharage yangu.

Usiku ule Gillian alilala mpaka saa tatu asubuhi. Alinipigia simu kunishukuru, sauti nyepesi kama ya msichana, anasema ametua mzigo. Nikamwambia vizuri. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi, maana nilikuwa najua mzigo ule umetuliwa juu ya nani, na nani aliyeonyesha mahali pa kuutua.

Septemba jua lilitoka. Tulikusanyika mbele ya kanisa kabla ya matembezi, kofia, mitandio, wanaume wakilalamikia soksi ndefu. Gauni la Honor lilikuwa ndani ya sanduku lake, na kadi mpya juu yake kwa mwandiko wa Bi Enid: *Kwapa limeshonwa na Gillian Trask, Januari mwaka huu.* Hakuna zaidi. Alikuwa amewaeleza wanachama mwenyewe kwa simu, kwa ufupi, akawakataza kumsema Gillian. Walimtii.

Kisha Bi Enid akashuka kwenye teksi. Tulimwona wote. Gauni alilovaa lilikuwa la rangi ya samawati, limenyooka kila upande, mishono yote sawa sawa kama mistari ya daftari. Alipogeuka kumlipa dereva tukaona zipu mgongoni. Mwanamke huyu aliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa ajili ya kifungo cha plastiki.

Gillian alimkimbilia. "Bi Enid, na lile lako? Lilibaki pindo na mkono mmoja tu. Ningekuja tukamalize wote."

"Lipo kabatini. Limepumzika, na mimi nimepumzika."

Mimi, nikitaka kupoza mambo, nikauliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Limekupendeza hili. Nani kakushonea?"

"Sijui, Thelma," alisema Bi Enid, akitengeneza glavu zake. "Limekuja kwa posta. Kuna mtu mahali fulani kalishona kwa mashine, na sitaki kumjua."

Akajipachika mkononi kwa Gillian, wakaingia kwenye mstari. Gillian alinigeukia mara moja. Uso wake ulikuwa ule ule wa kabla hajaungama, nami nikainamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya kofia yangu, ambayo ilikuwa imefungwa.