Unga Niliousifia kwa Kiingereza

Hadi leo nikiona gunia la unga, nainamisha uso. Wakati wa vita, wajuao Kiingereza walitafutwa sana hapa Bujumbura, nami nikajinadi kuwa nakijua. Nikapelekwa kambi ya Buterere kumtafsiria mzungu aliyewaletea unga watu waliokimbia makwao.

Mama Zubeda, msemaji wao, alianza kwa upole. "Mwambie huu unga ni muchungu, tena unanuka kuvu. Batoto banatapika."

Nikatafuta kichwani Kiingereza cha uchungu na cha kuvu. Patupu! Nilichokuwa nacho ni "asante" na "mzuri sana", nikavitoa vyote. Mzungu akatabasamu. Mama akapandisha sauti, akamtukana matusi mazito. Nikasema anaomba malori mengine ya unga. Mzungu akakubali, akampa mkono.

Mama akaduwaa. Kisha akaleta sahani ya bugali wa unga uleule.

"Kwetu mwenye kutoa ndiye anaonja kwanza."

Hilo nililiweza. Mzungu akamega, akatafuna, akatema yote kwenye leso, machozi yakimlengalenga. Akanigeukia, na umati mzima ukanigeukia.

"Haya, mukalimani," Mama akasema, "na hiyo sura yake, tutafsirie."