Mshipa wa Mtoto wa Mwenzangu

Mke mwenzangu alirudi kutoka India na video ya sikio la mtoto wake. Alimwonyesha kila mtu aliyeingia uani kununua chumvi au samaki mkavu, na mimi niliitazama kuliko wote, kwa sababu binti yangu naye hasikii.

Ndani ya video, mganga wa hospitali alikuwa anaingiza uzi mwembamba ndani ya sikio, ule wa kifaa cha kusikilizia. Pembeni, kwenye kioo cha mashine, mstari wa kuonyesha sikio linavyoitikia ulikuwa unapanda. Ghafla ukaanguka. Mkono wa mganga ukasimama.

"Unaona, yaya? Pale uzi ilitaka kumuumiza. Munganga akairudisha nyuma kidogo. Angalia, mustari inapanda tena," mwenzangu alisema; huniita yaya, dada mkubwa.

"Naona. Miye hapana kipofu."

Kisha ikaja picha ya ndani: uzi umejikunja vizuri, kama konokono kwenye gamba lake. Hapo niligeuza uso. Binti yangu pia ana picha, ilipigwa Lubumbashi wiki ileile na ya mdogo wake, mtoto wa mwenzangu. Mganga wa huko aliweka kidole juu yake: mshipa wa kupeleka sauti kwenye ubongo, pale hapana kitu. Kifaa hiki hakitamsaidia, alisema. Mume wetu akamkatia yule mwingine tiketi ya India.

Wanawake wanaoneana wivu kwa kitenge, kwa mume. Mimi niliuonea wivu mshipa wa mtoto wa miaka mitatu, na sijutii.

Hata hivyo ningevumilia. Lakini wale watoto walikuwa wanasemezana kwa mikono, lugha yao wenyewe, na mwenzangu akawakataza.

"Huyu anajifunza kusema na kinywa. Mikono itamuharibia."

Basi binti yangu akabaki bila mtu wa kuongea naye, ila mimi, na mimi nina kazi.

Jumamosi moja mwenzangu alimvua mtoto wake kipande cha nje cha kifaa ili amwogeshe. Mtoto akamponyoka na sabuni mwilini, akamkimbilia dada yake. Mikono ikaanza. Walicheka mpaka binti yangu akakaa chini. Mwenzangu akasimama na taulo.

"Yaya, banasema nini?"

Nilijua. Walikuwa wanamcheka yeye, anavyopanua kinywa akimfundisha mtoto kusema maji.

"Ubaache baseme hivi kila siku," nilimwambia, "ndo nitakuambia."

Alikaa juu ya ndoo, taulo magotini, na hakumwita mtoto.