Shikamoo Niliyomnyima Mzee wa Kanisa

Akifiwa mtu hapa kijijini, akina mama wa kanisa huja kunichukua. Wanasema, "Bibi, twende ukamtie moyo mwenzetu." Najifunga kanga naenda, lakini sina maneno matamu, na wanajua. Nimewahi kukaa na mfiwa kutwa nzima nisiseme lolote ila pole, nikamenya viazi vyake na kukoka moto wake. Wengine hununa. Wanataka niseme kazi ya Mungu haina makosa. Mimi niliambiwa maneno hayo nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na aliyeniambia nilitamani kumtia kofi.

Basi nitayasema yaliyonipata, mara moja tu, kisha mniache nimenye viazi.

Nyumba yetu ilikuwa porini upande wa Ipole, mbali na barabara kubwa. Nyuma ya nyumba ilipita njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wakienda pwani na pembe za ndovu. Babu yangu aliwahi kuwa mpagazi ujanani, na bega lake moja lilikuwa na sugu mpaka anakufa. Alikuwa akituambia kwamba mzigo ukishakaa begani unatembea nao tu, hata uwe mzito vipi. Shida ni kuutoa chini. Hapo lazima mwenzio akutwishe. Sisi watoto tulidhani anazungumzia mizigo.

Mume wangu alikuwa mrina asali. Kila Juni wanaume walikuwa wanakwenda kambini, ndani kabisa msituni kwenye mizinga yao, wanakaa wiki tatu au nne, na siku ya kurudi haijulikani. Mwaka ule tuligombana kabla hajaondoka. Tulikuwa na mtoto mmoja, binti, ameanza kusimama dede. Nilitaka baiskeli ibaki nyumbani. Yeye akasema, "Na madebe ya asali nibebe kichwani?" Akapanda baiskeli yake akaenda, nami sikutoka nje kumsindikiza.

Aliondoka Ijumaa. Jumapili mtoto akaanza kukohoa. Zahanati ya misheni ilikuwa mwendo wa kutoka asubuhi hadi adhuhuri kwa miguu. Nikajiambia nitamngoja baba yake na baiskeli. Ndivyo nilivyojiambia, na ndivyo nilivyowaambia watu wote baadaye.

Jumatano likaja lori. Operesheni ilikuwa imefika kwetu. Mikutanoni tulikuwa tumeshaambiwa kwamba wote tuliotawanyika porini tutahamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara, na kwamba maji, shule na zahanati vitatufuata huko. Sitaki ubishi juu ya hilo. Watoto wangu waliozaliwa baadaye walisoma katika kijiji hicho, na mjukuu wangu mmoja leo ni mwalimu. Nasema habari za siku ile tu.

Pamoja na mgambo alikuja balozi wetu wa nyumba kumi. Huyo alikuwa pia mzee wa kanisa letu. Siku binti yangu anabatizwa, yeye ndiye aliyemshikia mchungaji bakuli la maji. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia. Nikamwambia, "Mtoto anaumwa, na baba yake yuko kambini. Nipe siku chache tu." Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, akakohoa. Mzee alitazama paa, hakunitazama mimi. Akasema, "Mwanangu, amri si yangu."

Mgambo wakapanda wakang'oa nyasi za paa, mtu asije akarudi. Wakatupia kwenye lori sufuria zangu, mtungi, jembe, na mlango wa mninga aliouchonga mume wangu mwenyewe. Nilikaa juu ya mlango ule hadi tulipofika.

Tulikofika palikuwa na vigingi tu. Kila kaya na kigingi chake, mstari ulionyooka, vumbi jekundu. Mnaijua baridi ya Juni huku kwetu. Tulijikinga kwa matawi na kanga. Ijumaa asubuhi, jua limeshatoka na wenzangu wamekwenda kutafuta maji, binti yangu alifia mapajani mwangu. Hakulia. Alivuta pumzi, akanyamaza, nami nikawa nangoja avute nyingine.

Kaburi lake likawa la kwanza katika kijiji kile. Mzee wa kanisa ndiye aliyeongoza sala, maana mchungaji alikuwa mbali. Akasema kazi ya Mungu haina makosa.

Mume wangu alirudi wiki mbili baadaye. Alipitia nyumbani kwanza, akakuta kuta zinatazama mbingu. Akafuata alama za lori mpaka barabarani. Alifika na madebe mawili ya asali kwenye baiskeli, hajayateremsha, akaniuliza mtoto yuko wapi.

Akina baba wa kanisa walikaa kikao. Mzee alisimama mbele yao akasema, "Sikujua kwamba mtoto anaumwa. Lori lilikuwa linanguruma, sikusikia kitu." Nikamwambia, "Ulimsikia." Akasema, "Sikumsikia, mwanangu." Wakatuambia tupeane mikono yaishe. Mimi mkono wangu niliuficha ndani ya kanga.

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, mtu hupatana kwanza na aliyekosana naye. Asiyepatana hali mkate ule. Basi mimi sikula. Nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mkate ulipofunuliwa nilikuwa natoka nje naenda zangu. Miaka tisa. Na shikamoo nikamnyima. Mtu wa mbali anaweza kuona salamu ni kitu kidogo, lakini kwetu kijana hampiti mzee kimya. Nilimpita kisimani, nilimpita sokoni, kama napita kisiki. Watu waliinamisha macho. Mama mkwe wangu alinisema mpaka akachoka.

Kila Meza ya Bwana ilipokaribia, mzee alikuja kwangu. Alisema hodi, nikampa kigoda, kwa kuwa sikulelewa kumwacha mtu amesimama. Akisema, "Mwanangu, nimekuja tupatane," nami neno langu lilikuwa hilo hilo: "Ulimsikia?"

"Sikumsikia."

"Basi kunywa maji uende."

Alikunywa, akaenda. Alirudi tena na tena, mvua au jua, na miaka ikapita hivyo, mimi nikazaa wengine, yeye akaota mvi mpaka kwenye nyusi.

Mtaniuliza kama niliendelea kuomba. Niliendelea. Sala yangu ilikuwa moja: Bwana, mfanye aseme. Nilimchukia mzee yule, nasema wazi, na chuki ile ilinifaa. Ilikuwa imefunika kitu ambacho sikutaka kukiona. Kila nilipoamka na kitu hicho kifuani, nilimkumbuka yeye amesimama anatazama paa langu, nikapata nafuu.

Mwaka wa tisa, nikiwa kwenye banda la kijiji la kuchambulia tumbaku, mke wake alikuja akasimama mlangoni. Akasema, "Mzee anakuita."

Nikamwambia, "Njia anaijua. Aje mwenyewe kama kawaida yake."

"Hawezi kuamka. Hata uji haupiti." Kisha akasema, "Hivi unajua kwamba tangu mwaka ule hajala Meza ya Bwana?"

Nikacheka kicheko cha kero. Nikamwambia, "Mumeo ndiye anayekata mkate na kupanga vikombe, nani asiyejua." Akasema, "Anakata, anapanga. Wenzake wakila, yeye anakaa. Ungeyajuaje, wewe unatoka kabla."

Wanawake wote bandani walikuwa wameinamia majani yao. Walijua. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyethubutu kuniambia, maana akitajwa tu mzee yule mimi nilikuwa nafoka. Nilimaliza kufunga fungu la tumbaku lililokuwa mkononi, nikanawa, nikaenda.

Nilimkuta amelala kitandani, mwembamba, shingo imevimba upande mmoja. Sikumwamkia. Nilisimama mlangoni. Safari hii hakungoja nimuulize.

"Nilimsikia," akasema. "Alikohoa ulipokuwa unaniomba siku. Nikajua ni kifua kibaya. Mimi mwenyewe nimezika wawili kwa kikohozi cha namna ile. Lakini majina ya watu wa lori nilikuwa nimeyaandika mimi, na niliogopa kurudi na pungufu. Niliogopa, mwanangu, basi. Halafu mbele ya kikao nikasema sikusikia, na uongo ule nikashindwa kuumeza, nikashindwa kuutema."

Neno hilo nililiomba miaka tisa. Nilifikiri siku nikilisikia nitapiga vigelegele, au nitamtukana mpaka nichoke. Sikufanya hata moja. Nikakaa chini kwenye sakafu ya udongo, karibu na kitanda chake. Kwa sababu mzee alikuwa ameshautoa mzigo wake, na wangu ulikuwa bado uko pale pale chini, mkubwa, na sasa hakuna tena cha kuufunika.

Nikamwambia, "Mzee, nami nilimsikia. Tangu Jumapili. Nilimsikia Jumapili, Jumatatu, Jumanne, na lori lilikuwa bado halijaja."

Akageuza kichwa, akanitazama.

"Nilikuwa na miguu. Wanawake wenzangu walikuwa wanaenda zahanati kwa miguu kila siku na watoto mgongoni. Mimi sikwenda kwa kuwa nilikuwa na hasira na baba yake. Nilitaka arudi amkute mtoto anaumwa, aone. Nilitaka ajute kwa kuchukua baiskeli ile."

Hayo sikuwahi kuyasema kwa mtu, hata kwa Mungu sikuyasema kwa maneno. Mzee alilia bila sauti, machozi yakamwingia masikioni, na mimi nikayafuta kwa pembe ya kanga kwa kuwa mikono yake ilikuwa haina nguvu. Kisha akaniuliza, "Umemwambia mwenzio?"

"Sijamwambia."

"Mwambie."

"Nitamwambia."

Tulikaa. Nje mkewe alikuwa anatwanga. Nilipoinuka kuondoka nikapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa, nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Jumamosi mchungaji alifika kwa pikipiki, akaleta Meza ya Bwana pale pale kitandani. Mkate haukupita, ikabidi auloweshe kwenye kikombe. Nilimshika mzee kichwa, akala, kisha nami nikala. Msiniulize kama nilisikia furaha. Nilisikia uchovu mwingi, na njaa, nikaenda nyumbani nikala ugali mkubwa nikalala. Lakini ile sala ya mfanye aseme iliisha siku hiyo, na kwa mara ya kwanza nilimlilia binti yangu bila mtu wa tatu kusimama kati yetu.

Mzee alikufa Jumanne. Walipouliza achimbiwe wapi, nikasema kando ya kaburi la mwanangu pana nafasi. Watu walitazamana.

Mume wangu hakuja mazikoni. Alikuwa anarekebisha mizinga, na hakuna aliyemlaumu, maana wote walijua mtu yule alimfanyia nini. Usiku huo nilisema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa na homa. Juni alikwenda kambini, nikasema akirudi. Alirudi Juni nyingi. Aliishi miaka ishirini na zaidi baada ya hapo, na katika miaka hiyo yote hakukanyaga nyumba ya marehemu, wala hakuwaitikia salamu watoto wa mzee. Walikuwa wakimwamkia njiani, vijana wenye adabu, naye akawapita kimya. Nilikuwa nyuma yake nimebeba kuni, nikaona. Alijifunza kwangu. Alikufa akiamini kwamba binti yake aliuawa na lori na mzee mmoja.

Kwa hiyo mkinipeleka kwa mfiwa, msitegemee maneno. Lakini kuna jambo moja nalifanya. Mama aliyefiwa akianza kusema, "Ni mimi, ningemwahisha," wenzangu huwahi kumziba mdomo: nyamaza, usiseme hivyo, ni mpango wa Mungu. Mimi nawaomba watoke nje. Kisha namwambia, "Sema, mwanangu, mimi nasikiliza," na nakaa hapo mpaka amalize, hata kama ni jioni. Mungu anayavumilia hayo. Nimemwona akiyavumilia.

Mimi nami sina muda mrefu. Naamini nitawakuta wote watatu huko. Binti atakuja kunipokea, na mzee nitamwamkia. Lakini kabla sijakaa, kabla sijanywa hata maji, kuna mtu mmoja nitakayemwita pembeni, mwenye harufu ya moshi wa nyuki, nimwambie kwamba baiskeli haikuwa na kosa.